Maswali ya Wasomaji: Udongo wa Kuchimba, Mikono Miwili na Moto wa Wazi

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu waliokwisha kushika jembe, wakachimba udongo wao wenyewe na kuanza kufinyanga kwa mkono, bila gurudumu wala tanuri. Nimefurahi mno. Nimezipanga kadiri kazi inavyokwenda, kuanzia shimoni hadi motoni, ila barua ya vyungu vilivyopasukia motoni nimeipa nafasi kubwa kuliko zote, maana hapo ndipo wengi wanapoiacha kazi.

Kuna neno moja nitalirudia hadi mnichoke: fanyeni vigae vya majaribio, yaani vipande bapa vya udongo vya kujaribia kabla ya kufinyanga chombo. Udongo ulioutoa wewe ardhini hakuna aliyekwisha kuuandikia maelezo. Sogea hatua chache tu kutoka shimo lako, utakuta udongo mwingine wenye tabia nyingine. Kipimo cha mwenzako ni cha udongo wa mwenzako.

Shikamoo mama. Kando ya kijito nimeona ukingo wa udongo wa kijivu unaonata sana viatuni. Nimefinyanga kibakuli, kikapasuka hata kabla ya kukauka. Udongo haufai, au mimi ndiye sifai?
*Mwanafunzi wa Udongo*

Marahaba, mwanangu. Wewe unafaa, na huenda udongo nao unafaa. Bado hamjajuana.

Kunata viatuni kunaonyesha kwamba udongo wa mfinyanzi upo, lakini hakusemi upo kiasi gani wala umechanganyika na nini. Chukua donge lenye unyevu wa wastani, lisokote liwe kamba ya unene wa kidole chako cha mwisho, kisha izungushe kamba hiyo kwenye kidole gumba. Ikikubali kupinda bila kukatika, udongo una kinamo. Ikichanika juu juu, bado kuna matumaini. Ikikatika vipande vipande, mchanga umezidi, na itabidi utafute kwingine au uuchuje kwa maji.

Halafu tafuta chupa ya kioo yenye mdomo mpana. Tia udongo hadi theluthi moja, jaza maji, tikisa kwa nguvu, kisha iache imesimama. Mchanga hutua chini kwa dakika moja hivi. Chembe laini zaidi hufuata kwa saa kadhaa. Udongo wenyewe hubaki ukielea na kuyatia maji ukungu, wakati mwingine kwa siku nyingi. Ukitazama matabaka yale utajua umechimba nini.

Jaribio la tatu husahauliwa sana. Dondoshea siki kwenye donge kavu. Likichachatika na kutoa povu, ndani mna chokaa. Chokaa iliyotapakaa laini haina madhara makubwa, lakini punje za chokaa huleta msiba baada ya moto, kama utakavyoona katika barua ya mwenzako hapo chini.

Sasa nije kwenye kibakuli chako. Udongo unaopasuka wakati wa kukauka mara nyingi una kinamo kupita kiasi: chembe zake ni ndogo mno, zimebeba maji mengi, na maji yakitoka zinasogeleana na udongo wote unasinyaa. Usikisie, pima. Fanya kigae chenye unene wa sentimita moja, kichoree mstari wa milimita 100 kwa ncha ya kisu, kikaushe kivulini, kisha upime mstari huo tena. Ukibaki milimita 93, udongo umesinyaa asilimia 7, na huo ni udongo mzuri wa kufanyia kazi. Ukisinyaa zaidi ya asilimia 10 au 12, usifinyange chombo chochote mpaka uuchanganye na kitu kisichosinyaa, yaani mchanga au vigae vya vyungu vilivyokwisha kuchomwa, vilivyotwangwa. Fanya vigae vinne: cha kwanza udongo mtupu, cha pili sehemu moja ya mchanga kwa tisa za udongo, cha tatu mbili kwa nane, cha nne tatu kwa saba. Viandike namba vikiwa bado vibichi, kwa sababu vikikauka vyote hufanana. Kigae kitakachosinyaa kidogo na bado kukubali kupinda kilipokuwa kibichi, hicho ndicho mchanganyiko wako.

Mchanga uwe wa punje zenye kona, zinashika udongo vizuri kuliko zile za mviringo. Wa baharini uache. Una chumvi na vipande vya kombe.

Na tafadhali, usichimbe kwa kuingia chini ya ukingo ulioning'inia. Ukuta wa udongo hauporomoki kwa taarifa. Chimba kutoka juu, kwa ruhusa ya mwenye ardhi, na kaa mbali na majalala, migodi ya zamani na mabwawa ya viwanda. Metali zenye sumu haziondoki kwa kuchuja udongo.

Nitwange udongo mkavu na kuuchekecha, au niuloweke? Nimeona watu wakifanya yote mawili.
*Fundi wa Jioni*

Ndugu yangu, ikiwa udongo wako una mawe machache na mizizi kidogo, twanga na uchekeche. Ni kazi ya haraka, na unajua unaweka maji kiasi gani. Ila fanya nje, upepo ukikupa mgongo, pua na mdomo ukiwa umevifunika kwa barakoa nzuri. Vumbi la udongo lina silika, madini yaleyale ya mchanga, na silika ikiingia mapafuni haitoki. Ukimaliza usifagie; futa kwa kitambaa chenye maji.

Udongo wenye changarawe nyingi, au wenye punje za chokaa, ni afadhali kuuloweka. Siri ya kuloweka ni kwamba uukaushe kwanza mpaka ukauke kabisa. Donge kavu likitiwa majini halihitaji kuguswa: maji yanaingia kwenye vitundu, mapovu yanapanda, na pembe zake zinaanza kuporomoka mbele ya macho yako hadi linabaki tope chini ya ndoo. Donge lenye unyevunyevu, kinyume chake, linaweza kushinda majini na kulala humo bila kulainika. Likishakuwa tope, koroga, subiri kidogo mchanga utue, mimina yale majimaji kupitia chujio au kitambaa chenye matundu madogo kwenye chombo kingine. Kesho yake maji safi yatakuwa yamepanda juu. Yamwage, na tope lililobaki lining'inize ndani ya kitambaa au litandaze mahali pakavu mpaka lishikamane.

Ukipata subira, ufunge udongo huo usipoteze unyevu na uuache majuma kadhaa kabla ya kuukanda. Udongo uliokaa unakuwa na kinamo zaidi, kwa sababu maji yamepata muda wa kufika kila chembe.

Mimi hujenga kwa kamba za udongo, moja juu ya nyingine. Chungu kikikauka, kinafunguka kwenye maungio, kamba zinaachana. Nifanyeje?
*Mama wa Mapacha*

Dada yangu, nadhani unaziweka kamba na kulainisha nje tu ili chungu kipendeze. Maungio yanataka udongo wa kamba ya juu uburutwe uingie ndani ya kamba ya chini. Tia kidole gumba upande wa ndani, vuta udongo kuelekea chini, nenda hivyo mpaka uzunguke duara zima. Kisha fanya vivyo hivyo upande wa nje, huku mkono wa pili ukishikilia ukuta kwa upande wa ndani. Mstari wa kamba usionekane tena. Baada ya hapo ukwangue ukuta kwa kipande cha kibuyu au kifuu, ukipandisha na kushusha. Udongo unabanwa, unene unalingana, na mapengo yanazibika.

Angalia pia ubichi. Kamba laini ikibandikwa juu ya ukuta uliokwisha kuanza kukauka, ile laini itasinyaa zaidi na kujivua. Ukisimamisha kazi kidogo ili sehemu ya chini ipate nguvu ya kubeba ya juu, funika mdomo kwa kitambaa chenye maji, na ukirudi uuchanjechanje kwa ncha ya kijiti, upake tope jepesi la udongo uleule, ndipo uendelee.

Kukausha ni kivulini, pasipo upepo, chungu kikiwa kimefunikwa mdomo siku za mwanzo. Mdomo ni mwembamba na unapigwa na hewa pande zote, hivyo hukauka kabla ya kitako, na hapo ufa unazaliwa. Mdomo ukishakuwa mgumu, kigeuze kifudifudi ili kitako nacho kipate hewa.

Mama, naomba msaada. Nilifinyanga vyungu sita nikavikausha wiki mbili. Siku ya kuchoma niliwasha moto mkubwa, na muda si mrefu nikasikia vinapasuka kwa kishindo. Vinne vilivunjika. Cha tano kilitoka kizima, lakini usiku kikatoa ufa mrefu kutoka mdomoni. Cha sita kilikuwa kizuri, ila sasa kinabanduka vijipande vidogo, na kila palipobanduka kuna nukta nyeupe. Nimekata tamaa.
*Aliyekata Tamaa*

Pole sana, mwanangu. Lakini umevitazama vyungu vyako vizuri kuliko wengi wanaoniandikia, maana umenieleza magonjwa matatu tofauti katika moto mmoja. Kila ugonjwa una chanzo chake, na yote matatu yanatibika.

Vile vinne viliuawa na maji. Chungu kilichokauka wiki mbili kinaonekana kikavu, lakini ndani ya ukuta bado kuna unyevu unaolingana na ule wa hewa iliyokizunguka, na hautoki kwa kusubiri. Kiweke shavuni: ukihisi ubaridi, maji bado yanatoka. Hata kama huhisi ubaridi, unyevu wa mwisho huondolewa na joto tu. Sasa fikiria maji hayo yanapofika nyuzi 100 za selsiasi. Lita moja ya maji hugeuka kuwa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Moto ukipanda polepole, mvuke unapata muda wa kupenya kwenye vitundu na kutoka. Moto ukiruka kwa dakika chache, mvuke unakosa njia na unajitengenezea yake. Viokote vile vipande uvitazame. Kama ni magamba ya mviringo, yaliyo manene katikati na membamba kingoni, tena yametoka sana sehemu nene kama kitako, hiyo ndiyo alama ya mvuke.

Hukuniambia kama uliutia udongo wako mchanga au vigae vilivyotwangwa. Kama hukutia, hiyo ni nusu ya tatizo. Punje hizo hufungua njia ndogondogo ndani ya ukuta ambazo mvuke hupitia, na zinakatiza nyufa: ufa ukianza kutembea unakutana na punje na kuishiwa nguvu. Kwa moto wa wazi, ambao joto lake hurukaruka, mimi sichomi chungu chenye chini ya sehemu moja ya punje kwa tano za mchanganyiko wote. Vigae vilivyotwangwa navipenda kuliko mchanga, kwa sababu vilikwisha kupita motoni na vinatanuka kwa kiasi kinachokaribiana na udongo unaovizunguka.

Kile cha tano kilipasuka kwa kupoa. Ufa wa kupoa ni mwembamba, kingo zake kali, na mara nyingi huanzia mdomoni ukishuka moja kwa moja. Ufa wa kukauka huwa umefunuka zaidi mdomoni. Mchanga mwingi ni kwazi, yale madini magumu yanayofanana na kioo, na kwazi ina tabia moja inayopaswa kujulikana na kila mchomaji: ifikapo nyuzi 573 hubadili umbo lake la ndani na kutanuka ghafla, na ikipoa kupita nyuzi hizohizo hunywea ghafla. Chungu kizima kikipita hapo pamoja, hakuna neno. Upande mmoja ukipigwa na upepo wa usiku huku mwingine umelala kwenye makaa, upande mmoja unanywea mwingine haujanywea, na ukuta unaachia. Moto ukishakwisha, usiguse. Usifukue majivu ili uone. Majivu ni blanketi. Yaongeze kama ni machache, ukaangalie kesho yake, mkono ukiweza kukaa juu ya chungu bila kuungua.

Cha sita kina chokaa. Punje ya mawe ya chokaa ikipata joto kali hupoteza gesi ya kabonidioksidi na kugeuka chokaa hai. Chungu kinatoka kizuri, unakisifu. Kisha ile chokaa hai inaanza kunywa unyevu wa hewani, inavimba, na kusukuma ngozi ya chungu mpaka inabanduka. Hicho hakitapona. Udongo huo uuloweke na kuuchuja kwa kitambaa chenye matundu madogo kabisa, ufanye kigae, ukichome, kisha ukiache nje majuma kadhaa kabla ya kufinyanga chombo kingine. Kigae kikikaa salama, udongo umepona. Kikibanduka tena, chimba kwingine bila majuto.

Sasa nikueleze moto wenyewe, maana utachoma tena.

Chagua siku isiyo na upepo na mahali pasipo na nyasi kavu, ndoo ya maji iwe jirani. Ardhi iwe kavu. Moto juu ya ardhi yenye unyevu huvuta mvuke juu na kuvirudishia vyungu unyevu uleule uliotaka kuvitoa. Usitumie mawe ya mtoni kuvitegemeza, yana maji ndani na yanaweza kulipuka. Tumia vigae vikubwa vya vyungu vilivyovunjika.

Washa moto mdogo na upange vyungu kuuzunguka, mbali kiasi kwamba mkono wako ungevumilia kukaa pale. Vigeuze mara kwa mara. Baada ya muda visogeze karibu, vigeuze tena. Utaona rangi inabadilika: ule weusi wa unyevu unakimbia, ukuta unapauka, kisha unaanza kushika moshi. Nina desturi ya kufunika kipande cha kioo baridi mdomoni mwa chungu. Kikiingia ukungu, mvuke bado unatoka na hakuna kusogea. Hatua hii ichukue saa mbili au tatu, zaidi kwa vyungu vinene. Hapa ndipo subira yote inapohitajika. Kinachofuata kinakwenda haraka.

Vyungu vikiwa vya moto usivyoweza kuvigusa, sambaza makaa yawe kitanda, weka vigae juu ya makaa, vyungu kifudifudi juu ya vigae, na funika juu na kando kwa vigae vingine ili kuni zisivigonge. Panga kuni nyembamba kavu kuzunguka pote, uache ziwake kutoka nje kuja ndani. Vyungu vitakuwa vyeusi tii kwa masizi. Usiogope. Joto likipanda, masizi yenyewe yanaungua na rangi ya udongo inarudi. Hiyo ni dalili kwamba unakaribia nyuzi 600 pale unapopaona. Ongeza kuni bila kuacha mwanya wa upepo mpaka vyungu vyenyewe viwake rangi. Ndiyo sababu nachoma jua likizama: wekundu hafifu unaoonekana gizani tu bado hautoshi, wekundu wa wazi ni nyuzi 700 na kitu, na ukianza kuelekea rangi ya chungwa unakaribia 900. Wekundu wa wazi, ukishikiliwa dakika kumi na tano hivi, unatosha kwa udongo mwingi wa kuchimba.

Kwa nini tunahangaika kufika huko? Kwa sababu udongo mkavu bado ni udongo. Ndani ya chembe zake mna maji mengine, yaliyofungwa katika umbo lenyewe, ambayo hutoka kati ya nyuzi 450 na 600 hivi. Katika kaolini safi, ule udongo mweupe wa mfinyanzi, maji hayo ni karibu asilimia 14 ya uzito. Yakishatoka, chombo hakirudi kuwa tope tena. Kama una wasiwasi, chukua kigae chako cha majaribio ulichokichoma pamoja na vyungu, kilaze majini usiku kucha. Asubuhi kiwe kigumu vilevile, na ukikigonga kitoe mlio mkavu. Kikilainika kona, moto haukufika.

Usiwe na haraka ya kufinyanga sita tena. Fanya vigae, vichome, kisha vyungu viwili.

Wenzangu wanasema kufinyanga bila gurudumu ni mchezo wa watoto. Ni kweli?
*Mikono Mitupu*

Si kweli hata kidogo, ndugu yangu. Vyungu vya kale zaidi vinavyojulikana, kutoka pango la Xianrendong nchini Uchina, vina umri wa takribani miaka 20,000. Huko Ounjougou, Mali, vimepatikana vigae vya zaidi ya miaka 11,000. Gurudumu la mfinyanzi lilikuja maelfu ya miaka baadaye. Na kwa kuwa wenzako wanapenda ushahidi wa karibu, waonyeshe noti ya naira 20 ya Nigeria: nyuma yake yupo Ladi Kwali, mwanamke aliyejenga mitungi yake kwa mkono, kwa kamba za udongo, akiizunguka kwa miguu yake mwenyewe badala ya mtungi kumzunguka yeye. Kazi zake zilionyeshwa Ulaya na Marekani.

Vyungu vyangu vinatoka vyekundu vyenye mabaka meusi. Nilitaka vyekundu vitupu, na rafiki yangu anataka vyeusi vitupu. Tunakosea wapi?
*Wawili wa Jirani*

Hamkosei. Wekundu unatokana na chuma kilichomo kwenye udongo, kikipata hewa ya kutosha motoni. Mahali ambapo ukuni au kaa limegusa ukuta, hewa inakosekana, kaboni inaingia kwenye vitundu na kuacha baka jeusi. Mimi binafsi nayapenda mabaka hayo kuliko rangi moja, yanaonyesha moto ulikuwa umekaa wapi.

Anayetaka wekundu afunike vyungu vyema kwa vigae, atumie kuni nyembamba zinazowaka wazi, na mwishoni asiviache vikazama kwenye makaa yanayofuka. Anayetaka weusi afanye kinyume: vyungu vikiwa vyekundu kwa joto, aufunike moto wote kwa maranda ya mbao au mavi makavu yaliyosagwa, kisha majivu au mchanga mkavu juu, hewa isipenye popote. Maria Martinez, mfinyanzi wa San Ildefonso Pueblo, huko New Mexico, Marekani, alisifika duniani kote kwa vyungu vyeusi vilivyochomwa kwa namna hiyo, moto ukizimishwa kwa samadi iliyosagwa.

Ule mng'ao wa vyungu vya namna hiyo hauletwi na moto. Ni kukwatua: chungu kikiwa kigumu lakini bado kina ubaridi, unakisugua kwa kokoto laini mpaka chembe za udongo zilale upande mmoja. Sugua mstari mmoja baada ya mwingine, usiruke. Kikianza kupauka chini ya kokoto umechelewa. Kipake maji kidogo sana, subiri yanywewe, endelea. Kokoto njema haiuzwi, inaokotwa, na ukiipata itunze.

Chungu changu kinavuja jasho. Naweza kukitumia kwa chakula?
*Msomaji wa Siku Zote*

Chungu cha moto wa wazi kina vitundu, na maji hupenya mpaka nje. Kwa mtungi wa maji hilo ni jema: maji yanayovukizwa nje huondoka na joto, na yaliyobaki ndani yanapoa. Kwa kupikia, chemsha ndani yake maji mazito ya wanga, taratibu, mara moja au mbili. Wanga huziba vitundu. Chungu cha kupikia kiwe na kitako cha mviringo, unene unaolingana, na punje nyingi katika udongo. Kipashe moto polepole kikiwa na kimiminika ndani, na kamwe usitie maji baridi kwenye chungu kitupu chenye joto.

Ambalo sikubaliani nalo ni kukipaka rangi au vanishi ya dukani na kuweka chakula. Wala usijaribu kukitia gilezi, ule mpako unaogeuka kioo motoni, yenye madini ya risasi. Hiyo ni sumu, na moto wa wazi hauwezi kuifanya salama. Usihifadhi vitu vyenye ukali kama siki ndani yake. Kioshe kwa maji ya moto bila sabuni, kwani ukuta unainywa, na kikaushe vizuri kabla ya kukiweka kisije kikaota ukungu.

Nina rundo la vyungu vilivyovunjika. Nivitupe?
*Bila Jina*

Usitupe hata kimoja. Ambavyo havijapita motoni vitie ndooni na maji, vitarudi kuwa udongo. Vilivyochomwa vitenge: vipande vikubwa vilivyopinda viwe vya kufunikia vyungu motoni, vilivyobaki vitwange. Vinyunyizie maji kidogo kwanza ili vumbi lisipande, funika macho, kisha chekecha mara mbili. Punje zinazolingana na mchanga mnene ni za vyungu vya kupikia na mitungi mikubwa. Zilizo laini zaidi ni za vibakuli na vyombo utakavyovikwatua, maana punje nene hukwaruzwa na kokoto na kuacha mifereji. Vumbi la mwisho kabisa lirudishe kwenye tope la kubandikia kamba. Linapunguza kusinyaa pale pale kwenye maungio. Ila kabla ya kutwanga, kagua vipande vyenye nukta nyeupe na uvitoe vyote.